Halwa ya Alama za Mtihani

Asalaam aleikum mama zangu, dada zangu, na nyinyi wanangu mnaofanya mtihani mwezi ujao. Nakuoneni mmejibanza huko ukutani, mnaogopa nisije nikakuulizeni maswali. Mna haki ya kuogopa. Mie mwenyewe kikombe changu cha kahawa nimekiweka chini kwa sababu kilikuwa kinanigonga meno. Mwenye nyumba aliponiomba niseme nilimkatalia mara mbili. Mara ya tatu akanambia, "Wewe kila siku unasema na watu dirishani, leo unaona haya?" Nikamwambia dirishani ni kazi, na haya nitakayoyasema leo ni yangu mwenyewe.

Sitamtaja mtu jina. Wengine wamo humu humu chumbani, watajijua.

Sisi tulihamia hapa Ibra, Omani, kutoka Unguja mie nina miaka kumi na miwili. Baba yangu kule kwetu alikuwa dresa, yule anayefunga vidonda na kupiga sindano hospitali. Hapa akapata kazi ya kuangalia stoo ya hospitali, maboksi ya dripu na glovu na pamba. Kila akirudi kazini ananukia dawa ya kusafishia sakafu, na kila siku ananiuliza swali moja, "Mwanangu, kitabu kinakwendaje?" Alitaka nisomee udaktari. Wala hakuwa akisema "Mungu akipenda ukiwa". Alikuwa akisema "utakapokuwa", na mie nikiisikia ile "utakapokuwa" nainamia kitabu nisimtazame.

Maana nilikuwa na siri, ndugu zangu. Kiarabu cha kitabuni sikuwa nakifahamu.

Cha mtaani nilikijua. Cha dukani, cha kugombana na wasichana wa skuli, hicho nilikijua sana. Lakini nyumbani tunasema Kiswahili tangu asubuhi mpaka tunalala, na kile kitabu cha kemia kilikuwa na sentensi ndefu, nikifika mwisho sikumbuki mwanzo ulisema nini. Wakati mwengine nilikuwa najua kila neno peke yake, lakini maneno yote pamoja yananishinda. Kuuliza siwezi. Mwaka wa kwanza nilinyanyua mkono nikauliza maana ya neno moja, darasa zima likacheka, na msichana mmoja akasema, "Mwacheni Mzinjibari, bado hajashuka kwenye meli." Mkono wangu ulishuka siku ile na haukupanda tena kwa miaka sita.

Sasa nikafanya nini? Nikafanya kama nilivyofundishwa chuoni Unguja, kwa mwalimu wangu wa Kurani. Nikahifadhi. Nyinyi wakubwa mnajua, tulikuwa tukihifadhi juzuu nzima kwanza, maana yake tunaambiwa mtasomeshwa mkikua. Basi na kemia nikaihifadhi hivyo hivyo, ukurasa kwa ukurasa, na nambari zake, na maandishi madogo yaliyo chini ya picha. Biolojia hali kadhalika. Natembea uani nakwenda nikirudi, midomo inacheza, mama yangu ananitazama kutoka jikoni anasema mashallah, mtoto huyu anasoma.

Walimu wetu wa kike tukiwaita abla. Abla wetu wa kemia alikuwa Msudani, mama mrefu, mpole, sauti yake ya chini. Akiuliza swali, mie nasimama nalimwaga jibu lote bila kukosa herufi. Mitihani ya skuli akiitunga mwenyewe na maswali akiyatoa kitabuni, kwa hivyo napata mia, napata tisini na tisa. Abla akinisifu mbele ya wote. Na kila akinisifu mie nazidi kuogopa, kwa sababu sasa nina cha kupoteza.

Mwaka wa mwisho, na hii ilikuwa miaka ya tisini inakwisha, ikaja habari. Kulikuwa na chuo cha udaktari cha nje ya nchi kikichukua wanafunzi kabla matokeo hayajatoka. Kinamletea mwalimu fomu, aandike alama anazotarajia mwanafunzi wake atazipata. Wakiridhika wanakupa nafasi ya masharti. Mtihani wa serikali ukija kama alivyosema mwalimu, nafasi ni yako, ukija pungufu, huna nafasi. Walitaka tisini na tano kwenye kemia.

Abla aliniita chumba cha walimu akanionesha alichoandika. Tisini na saba. Wino bado mbichi.

Akanambia, "Nimeandika ninachokiona kila siku kwa macho yangu. Una swali lolote, binti yangu?"

Mlango ulikuwa wazi, ndugu zangu. Ningesema, "Abla, mie nahifadhi tu, sifahamu." Sentensi ya maneno matano. Nikasema, "La, abla, sina swali." Nikambusu kichwani nikatoka, nikenda chooni nikatapika.

Barua ya chuo ilipokuja, baba aliichukua akaenda nayo kazini, akamwomba daktari mmoja wa Kihindi amsomee, maana ilikuwa ya Kiingereza. Yule daktari akamwelewesha vizuri tu kwamba ni nafasi ya masharti. Baba akacheka. Alikuja kutuhadithia chakulani. "Nimemwambia masharti ni ya wale wasiosoma." Mama akapiga kigelegele. Mie nikainuka kukusanya sahani.

Kisha baba akaagiza halwa kutoka Nizwa, bakuli kubwa, ya moto, na lozi juu. Akaipeleka sabla ya mtaa wetu, pale wanaume wanapokutana kunywa kahawa. Nyinyi mnajua nini maana ya kupeleka halwa sabla. Ukishaipeleka, habari si yako tena, ni ya mtaa mzima. Akawahadithia barua mstari kwa mstari kama alivyoelezwa, akawaambia, "Halwa ya pili nitaileta siku anayoondoka."

Tangu siku ile sikuitwa tena jina langu. "Daktari, hujambo?" "Daktari, mama yupo?" Mwenye duka la mboga, "Daktari, chagua tungule nzuri." Nikaitika. Siku ya kwanza nilicheka kwa haya. Siku ya tatu nikaitika kama ndilo jina nililopewa na wazazi wangu.

Mtihani wenyewe, hebu nikupeni kwa ufupi. Ukumbi, meza moja moja, msimamizi hatumjui. Nikafunua karatasi ya kemia. Swali la kwanza linaeleza jaribio ambalo halimo kitabuni, halafu linasema: eleza kwa nini. Nikazipita kurasa zote kichwani, ya kwanza mpaka ya mwisho, natafuta jaribio lile. Halimo. Swali la pili, eleza kwa nini. La tatu, ingekuwaje kama. Nikaona watu wanaandika na mie sijaandika kitu, na hofu ikanambia andika chochote. Wallahi niliandika ukurasa wa arubaini na mbili wote, na maandishi ya chini ya picha. Hakuna aliyeniuliza ukurasa wa arubaini na mbili. Naona mnacheka. Chekeni, hata mie leo nacheka, siku ile nilikuwa nakufa.

Siku ya matokeo baba alinipeleka skuli kwa pikapu yake, akangoja nje na kioo kimeshushwa. Redio ilikuwa imetangaza majina ya waliofanya vizuri nchi nzima, jina langu halimo, na baba akasema redio imesahau. Nikaingia ndani nikapewa karatasi yangu. Kemia, sabini na moja.

Nilisimama kwenye ukumbi wa skuli nikaisoma mara nne tano. Nilifikiri labda nimepewa ya mtu mwengine, nikatazama jina, ni langu mpaka jina la babu yangu. Nikaikunja, nikaikunja tena, nikaitia ndani ya kitabu cha kemia. Nikatoka juani. Baba akachomoza kichwa.

"Kama alivyosema abla?"

Hakuniuliza ngapi. Angeniuliza ngapi, pengine ningeshindwa kutaja nambari ya uongo. Aliniuliza swali la kutikisa kichwa, na mie nikatikisa kichwa, ndiyo.

Basi akapiga honi kutoka skuli mpaka nyumbani. Watoto wakakimbia nyuma ya gari. Mama akatoka na udi. Baba akataka kuiona karatasi, nikamwambia iko kwa mudira, mwalimu mkuu wetu, inangoja muhuri. Huo uongo wa pili. Wa kwanza niliutikisa kwa kichwa, wa pili niliusema kwa mdomo, na nikaona wa pili ulitoka rahisi zaidi. Hilo nalo likaniogopesha.

Chuo kilitaka shahada yenyewe ifike kabla mwezi haujakwisha. Kila siku baba anauliza muhuri umepigwa. Kila siku nasema kesho. Mama ananishonea nguo za baridi. Mie nikisikia gari linasimama nje, naruka. Nikisikia simu inalia, naruka. Chakula hakipiti. Mama akasema mtoto anawaza safari, na kweli nilikuwa nawaza safari, nilikuwa namwomba Mungu niugue nisisafiri, niugue ugonjwa mkubwa lakini nisife. Angalieni nilikofika.

Sasa, jirani yetu alikuwako bibi mmoja wa Kipemba, mjane, anakaa peke yake nyumba ya pili. Kiarabu chake kilikuwa cha sala tu. Ana sukari, anatumia vidonge miaka mingi. Asubuhi moja akaja ametoka hospitali, baba yuko kazini, mama kaenda kwa mgonjwa. Ana mfuko wa dawa mpya na karatasi iliyoandikwa kwa mkono.

"Hodi, daktari wangu!"

"Karibu, bibi. Shikamoo."

"Marahaba, mjukuu wangu. Wamenibadilishia dawa leo, nisomee hii. Yule kijakazi wa Mungu aliyenipa dawa alinieleza mbio mbio, sikumpata."

Nikaichukua nikaisoma kwa sauti. Kusoma najua. Nilisoma vizuri, herufi zote mahali pake, madda na shadda. Bibi akafumba macho akasema, "Mashallah, utasema unasoma juzuu." Halafu akafumbua.

"Haya. Wamesema nini?"

Mama zangu, lile ndilo lilikuwa swali la mtihani. Swali lile lile, ila sasa limeulizwa kwa Kiswahili, na mwenye kuuliza kakaa mbele yangu, na miguu yake imevimba. Wamesema nini. Niliona maneno, dawa, asubuhi, kabla ya kula, ya zamani. Kilichoyaunga sikukijua. Ningesema, "Bibi, sijafahamu, mngoje baba saa nane." Saa mbili tatu tu za kungoja. Lakini alikuwa ameniita daktari.

Nikasema, "Umeze hivi vipya pamoja na vile vya zamani."

"Vyote?"

"Vyote, bibi."

Akanibusu mkono. Mimi, msichana wa miaka kumi na minane, akanibusu mkono mama mzima yule.

Siku ya pili yake, kabla ya adhuhuri, mama alikwenda kumpelekea samaki. Nikamsikia analiita jina langu kwa sauti ambayo sijaisikia tangu nizaliwe. Nikakimbia bila viatu. Bibi yuko chini jikoni kwake, nguo zimeroa jasho chapachapa, anatetemeka, macho yako wazi lakini hatuoni. Namwita haitiki. Birika la chai juu ya jiko limechemka limekauka, linanuka chuma. Mama anasema, "Mwanangu, wewe unajua, mfanye kitu! Mfanye kitu!" Na mie nimesimama tu. Nilisimama mlangoni nimeshika fremu kwa mikono miwili, sikuweza hata kuinama.

Jirani mmoja akatutia garini. Njiani kichwa cha bibi kilikuwa mapajani mwangu, kizito, cha baridi. Nilikuwa nahesabu anavyovuta pumzi. Kila nikingoja inayofuata nilidhani haiji.

Hospitali wakamtia dripu. Daktari alikuwa yule yule wa Kihindi aliyemsomea baba barua, lakini mie hakuwa ananijua. Akaupindua mfuko wa dawa, akaona vya zamani na vipya, akauliza kwa Kiarabu chepesi cha hospitali, "Nani kamwambia ale vyote viwili? Imeandikwa hapa aache vya zamani. Sukari imemshuka mno."

Na mama yangu, Mungu amrehemu, alikuwa hajafahamu hatari yenyewe. Akasema kwa fahari, "Amesomewa na mwanangu huyu. Anakwenda kusomea udaktari."

Yule daktari akanigeukia. Hakupandisha sauti. "Ulifahamu ulichokisoma?"

Nikatazama kitandani. Bibi kalala, mdomo wazi kidogo, mkono ule ule ulioshika wangu jana umefungwa bomba. Kwa miaka sita nilikuwa nakiogopa kicheko, naogopa uso wa baba, naogopa sabla. Pale nikaona kumbe kuna kitu cha kuogopa kikubwa kuliko vyote hivyo, na nilikuwa nakitembeza mtaani na jina lake zuri. Ile sabini na moja haikunionea. Ilikuwa imeniona nilivyo, na mie nikaikunja nikaificha.

Nikasema, "La. Sikufahamu."

Hiyo ndiyo siku yangu, ndugu zangu. Neno dogo lile nilichukua miaka sita kulisema.

Nikashuka stoo kwa baba. Alikuwa kwenye ngazi, anapanga maboksi juu. Sikungoja ashuke, nilijua akishuka nitanyamaza. Nikamwambia yote kwa mkupuo, ya bibi, ya karatasi, ya sabini na moja, ya muhuri, ya kuhifadhi. Alisimama na boksi mikononi mpaka nilipomaliza. Kisha akashuka polepole, akaliweka, akakaa juu yake. Akauliza kitu kimoja tu, "Bibi yu hai?" Nikamwambia yu hai. Akasema, "Alhamdulillahi," akainuka kwenda kumtazama.

Bibi aliamka alasiri ile ile, anauliza nani kalizima jiko lake. Baba yeye hakusema nami siku mbili. Siku ya tatu akanambia vaa, tunakwenda Maskati kwa wakala wa chuo, kurudisha nafasi ya watu. Tukapanda pikapu. Milima inapita, mie nimeshika ile bahasha ya barua ya chuo, natamani anitukane. Baba akinyamaza ni mbaya kuliko akigomba. Tulipofika Bidbid, pale barabara yetu inapoingia ile ya Nizwa, akasimamisha kwenye hoteli ya Mhindi wa Kimalabari akaagiza chai mbili za maziwa, tukazinywa garini.

Akasema, macho yake yako barabarani, "Unguja niliwekwa kituo cha shamba miaka minne. Daktari akija mara moja kwa wiki. Siku nyengine niko peke yangu. Watu wakaniita daktari. Nami nikaitika."

Nikamgeukia.

"Nilikuwa najua bandeji na sindano, basi. Mungu alinisitiri tu. Wewe umejifunzia kwangu kuitika." Akamaliza chai yake, akanipa kikombe nirudishe. "Utarudia mwaka. Ukifahamu, sema nimefahamu. Usipofahamu sema sijafahamu. Mie nitapokea karatasi yoyote utakayoleta, lakini niletee mwenyewe mkononi."

Nililia mpaka Maskati.

Nilidhani yamekwisha. Hayajakwisha. Ijumaa ile baba akaagiza halwa tena kutoka Nizwa, bakuli lile lile, lozi vile vile. Mama akamwambia, "Umeingiwa na wazimu? Habari kama hii mtu huifunika." Yeye akavaa kanzu yake na kilemba akaenda nayo sabla. Mie sikuwako, wanawake hatuingii, lakini aliyekuwako kanihadithia. Anasema watu walimpokea kwa shangwe, wakadhani ndiyo safari. Baba akaweka bakuli katikati akasema, "Mara ya kwanza mlikula halwa ya alama za mwalimu. Leo kuleni ya alama za mtihani. Mwanangu amepata sabini na moja. Haendi." Halafu mzee mmoja akanyoosha mkono, akamega, akala. Kisha wote wakala.

Toka siku hiyo mtaa ukaniita jina langu. Sitasema hawakunisema, walinisema sana. Lakini baba alikuwa kawapa habari yote, hapakubaki cha kuchimba.

Kwa abla nilikwenda mwenyewe. Niliogopa kuliko nilivyomwogopa baba, kwa sababu yeye alikuwa ametia saini yake. Nilipomwambia akasema, "Niliandika ninachokiona. Kumbe sikukuuliza kitu ambacho jibu lake halimo kitabuni." Akanichukua mwaka mzima. Kila sentensi ananisimamisha, "Hii inasema nini? Nambie kwa Kiswahili chako, hata kama mie sikijui. Nitaona usoni kama umefahamu." Na kweli alikuwa akiona. Siku ya kwanza ya mwaka ule nilinyanyua mkono darasani, nimekaa na wasichana wadogo kuliko mie, nikasema, "Abla, sijafahamu." Walicheka. Abla akangoja wamalize, akanieleza.

Ilipokuja fomu tena, safari hii aliniandikia themanini na tano. Akanambia aliogopa kuandika zaidi. Chuo kikakataa hapo hapo. Mtihani ulipotoka, nikapata tisini na tatu.

Yaani mara ya kwanza aliniandikia zaidi, mara ya pili pungufu, na mara zote mbili alikuwa mtu mkweli anayenipenda. Mwalimu anakuona ulipokaa mbele yake. Hakuoni ukiwa peke yako na karatasi. Wala simlaumu, na wala sisemi mtihani ni kila kitu, kwani kwenye tisini na tatu ile mna maswali mawili nilibahatisha. Nasema tu kwamba aliyekuwa akijua ukweli wote alikuwa mmoja, na huyo alikuwa mie, na mie ndiye niliyenyamaza.

Udaktari sikuupata. Roho iliniuma, nisikudanganyeni, na siku nyengine bado inauma nikiwaona wale na makoti yao meupe. Nilisomea mambo ya dawa, nikafanya kazi Sur miaka miwili, kisha nikarudi hapa Ibra kwenye dirisha la dawa, ngazi moja juu ya stoo ya baba. Na mnanijua dirishani. Mnanuna, najua. Mnasema yule mwanamke anatuchelewesha. Nampa mtu dawa yake, namweleza, akinambia "nimefahamu" simwachii mfuko. Namwambia, nambie wewe, kwa maneno yako, utakula lini na ngapi. Waarabu nawauliza kwa Kiarabu, wetu nawauliza kwa Kiswahili. Foleni inafika mpaka kwenye bomba la maji. Na ifike.

Bibi yule yumo humu ndani, kakaa karibu na birika, anakunywa kahawa na tende kaiacha kwa shida. Alinisamehe kabla sijamwomba. Ila kila akija dirishani huniadhibu kidogo. Namuuliza, "Bibi, utakula vingapi?" Ananijibu, "Vyote, daktari." Halafu anacheka mpaka anashika ukuta. Bibi, Mungu akuweke.

Namshukuru baba yangu kwa halwa ya pili. Namshukuru mama, aliyelia wiki nzima kisha akazigeuza zile nguo za baridi kuwa matakia. Namshukuru abla, aliyerudi kwao Sudan na huniletea salamu kila Idi. Namshukuru yule daktari aliyeniuliza kwa sauti ya chini, angepiga kelele ningemdanganya na yeye.

Wazazi, msimwite mtoto jina la kazi ambayo bado hajaifanya. Ataitika. Na nyinyi wanangu wa mtihani, mmekaa hapo tangu nianze kusema mnatikisa vichwa, ndiyo, ndiyo, ndiyo. Mie nazijua hizo ndiyo. Nilikaa nazo miaka sita. Humu ndani hakuna Kiarabu cha kitabuni, hakuna msimamizi, na atakayecheka nitamtoa mimi mwenyewe. Nataka kujua nani ana kitu cha skuli hakukifahamu na hajamwambia mtu. Anyanyue mkono.

Haya, naanza mimi. Wangu huu hapa, uko juu. Nangoja.